Kwenda Élisabethville Kufungulia Pampu

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya waya. Ulikuwa waya mwembamba tu, wa shibiri mbili hivi, wenye kipande cha madini ya risasi kilichobanwa kwenye ncha zake. Mzungu kijana wa serikali aliufunga kwenye pampu yangu, akasema atakayeukata atakula kifungo. Mzungu huyo tulimpa jina la Bwana Kipimo, maana kila alichokutana nacho alikipima, hata milango ya mabanda ya kuku. Miaka mingi imepita sasa, na nadhani naweza kuwasimulia ninyi watoto wa kwetu mnaoishi mijini jinsi mambo yalivyokwenda, mradi msiwaambie wazee kijijini.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka minane katika karakana ya reli, nikimshikia fundi spana na kuiba ujuzi kwa macho. Niliporudi kijijini kwetu, kando ya mto Lualaba, mwendo wa siku moja kwa baiskeli kutoka Ankoro, nilifikiri mimi na mashine tumeachana. Kisha kiangazi kimoja mamba alimkamata binti yangu Angelina akiteka maji. Wanawake walimpiga yule mnyama kwa mitungi mpaka akaachia, lakini mkono wa kushoto, kuanzia kwenye kiwiko, alikwenda nao. Angelina akapona. Kisichopona ni hasira. Alikuwa na miaka kumi na saba, na kila asubuhi aliketi uani akingoja wenzake wamletee maji kwa hisani. Siku moja akaniambia, "Baba, unipatie kazi ya miguu. Miguu yangu iko yote mbili."

Basi nikaichukua baiskeli yangu, mali pekee niliyorudi nayo kutoka relini, nikaisimamisha imara juu ya ukingo wa mto, mahali ambapo mamba hafiki. Nikavua tairi la nyuma, na kwenye gurudumu nikapitisha kamba ndefu iliyofungwa vipande vya mpira. Kamba ilishuka mpaka mtoni, ikapanda tena ndani ya bomba la chuma. Ukikanyaga pedali, vile vipande vya mpira vinayasukuma maji juu ndani ya bomba, na huko juu, nyuma ya mgongo wa anayekanyaga, kuna mdomo wa bati unaoyamwaga upande wa nje, kwenye mtungi. Hakuna petroli, hakuna moshi, hakuna mkono.

Angelina aliikanyaga siku tatu. Siku ya nne Bwana Kipimo akapita. Alishangaa, akapanda mwenyewe, akakanyaga mpaka kofia ikamwanguka, akacheka kwa furaha. Kisha akashuka, akafuta jasho, akatoa daftari.

"Karatasi ya mashini iko wapi?"

"Hakuna karatasi, Bwana. Nilitengeneza miye mwenyewe."

"Mashini ya kuvuta maji ya serikali bila karatasi, hapana. Karatasi inatoka ku biro kubwa ya Élisabethville."

Akafunga waya wake. Kesho yake akaniandikia barua ya njia ya siku thelathini, maana wakati ule mtu mweusi hakusafiri bila barua, akanitakia heri kwa moyo wote. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Hakuwa mtu mbaya.

Jumatatu alfajiri nilifunga safari. Pampu isingebebeka, kwa hiyo nilikuwa nimechonga mfano wake wa mbao, ukubwa wa kigoda: gurudumu la bati, kamba ya uzi, bomba la tete, na kiti kidogo cha anayekanyaga. Ukiuweka juu ya kopo na kuuzungusha kwa kidole, ulipandisha maji kweli. Angelina alinisindikiza mpaka mwisho wa mashamba ya muhogo. Hakulia, wala hakunibariki.

"Usirudi na maneno, Baba," akasema. "Urudi na mukasi ya kukata ile waya."

Ankoro nilipanda meli ya kuni. Meli hiyo ilikula kuni kuliko ilivyokula njia. Kila baada ya saa chache ilisimama ukingoni, tukashuka sote kunyoosha miguu huku magogo yakipakiwa, tukapanda tena. Niliketi juu ya mizigo na mfano wangu magotini, nikiwaeleza abiria jinsi unavyofanya kazi. Siku ya kwanza walisikiliza. Siku ya pili waliniona ninakuja wakafumba macho.

Siku ya tatu, katikati ya mafunjo ya ziwa Kisale, nilikwenda kunawa uso. Kumbe huku nyuma meli ilikuwa imempakia Mama Kabedi, mchuuzi wa samaki wakavu kutoka Kikondja, mwanamke mwenye mwili na sauti yake. Niliporudi nilimkuta ameketi juu ya mfano wangu, amestarehe.

"Mama! Unakalia mashini!"

"Mashini?" Akainuka polepole, akatazama chini. Kipande cha ubao kikadondoka. "Miye nilizania iko kiti. Na iko kiti mubaya."

Nilitaka kulia, na sioni haya kulisema. Mama Kabedi aliniona, akaingiwa na huruma. Alinipa kisu chake, akachomoa tete kwenye kapu la samaki, akanishikia mbao huku nikiunganisha. Gurudumu lilipona, kamba ilipona. Lakini ubao wa upande wa nje, uliobeba mdomo wa kumwagia maji, ulikuwa umesagika. Ikabidi mdomo niugeuze na kuufunga kwenye ubao wa ndani, ukielekea kwenye kiti. Kwa hiyo katika mfano wangu maji sasa yangemwagikia mgongo wa mtu. Nikajiambia, si kitu, huu ni mfano tu. Wakubwa watataka kuona kama maji yanapanda, hawatauliza yanaangukia wapi. Basi nikaliacha kosa hilo, nikala samaki wa Mama Kabedi nikashiba, nikalala.

Kutoka Bukama, mwisho wa meli, ni reli. Niliipanda kwa kiburi kidogo, maana nilijua kila sauti ya gari lile. Nikamwambia jirani yangu kwamba breki za behewa letu zilihitaji kutazamwa, naye akahamia benchi jingine. Tuliupita moshi wa viwanda vya Jadotville, na kesho yake asubuhi tukaingia Élisabethville. Vumbi jekundu lilikuwa limetuganda hata kwenye kope.

Nilifikia cité, mtaa wa watu weusi, kwa ndugu yangu Donati, mtoto wa baba mdogo, fundi wa cherehani. Alinikumbatia mlangoni.

"Weee, ndugu! Unafika muzima? Na hii njo nini? Unatuletea kiti?"

Nikaupandisha mfano juu ya kabati, asije mtu akaukalia. Mke wake akanipa maji ya kunawa na bukari ya moto, yaani ugali, nikala.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, nilikuwa mjini, kwenye jengo kubwa la serikali. Sisi hatukuingia kwa mlango wa mbele. Tulizunguka nyuma, penye madirisha madogo yaliyokatwa chini, usawa wa tumbo, hivi kwamba ukitaka kuongea na karani lazima uiname. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama. Karani wa dirisha la kwanza aliutazama mfano wangu kwa jicho moja.

"Hii iko vélo."

"Si baiskeli, Monsieur. Ni pampu."

"Iko na pédale? Iko na gurudumu? Basi, iko vélo. Breki iko wapi? Kengele iko wapi? Taa ya usiku?"

"Haitembei, Monsieur. Inasimama palepale."

Akafikiri kwa haki kabisa. "Vélo yenye haitembee iko mubovu. Vélo mubovu hatuipatie plaque ya namba. Mwingine!"

Siku iliyofuata nikapanga mstari kwenye dirisha la mashine. Hapo nilingoja siku mbili, na siku ya tatu nikaitwa ndani kwa mzungu mzee mwenye miwani. Alimimina maji yake ya kunywa kwenye kopo langu, akazungusha gurudumu kwa kidole, maji yakapanda, yakamwagika. Akazungusha tena. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili, naye akazungusha. Meza ikalowa, wakaifuta kwa karatasi za serikali, wakaendelea. Moyo wangu ulipaa. Nikajiona tayari nimeshika mkasi wa Angelina.

"Muzuri sana," akasema yule mzee, akachukua fomu. "Kiwanda gani?"

"Hakuna kiwanda, Bwana. Ni mikono yangu."

"Namba ya kiwanda?"

"Hakuna."

"Inchi gani? Ubelgiji? Uingereza? Amerika?"

"Kwetu, karibu na Ankoro."

Akaipitia orodha yake kwa kalamu kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Ankoro haikuwamo. Akavua miwani, na niliona anasikitika kweli. Alinieleza kwamba mashine isiyo na kiwanda lazima michoro yake ipelekwe Léopoldville, na kutoka huko ivuke bahari mpaka Brussels, wataalamu waitazame, irudi. Nikamuuliza itachukua muda gani. Akahesabu miaka kwa vidole, akafika mkono wa pili, akaacha. Kisha akanipa mkono wa kuagana, jambo ambalo wazungu wengi hawakulifanya, akagonga muhuri wa kukataa.

Niliporudi cité nilimwona Angelina mbele yangu kila nilipofumba macho, ameketi uani. Barua ya njia ilikuwa imebakiza siku kumi na saba, na kumi kati ya hizo zilikuwa za kurudi nyumbani.

Jumapili baada ya misa alikuja Tshibangu kupimwa suruali. Alikuwa karani, mtu wa Kasai, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye mikono. Kati yake na Donati palikuwa na utani usiokwisha.

"Uonyeshe huyu karatasi yako," Donati akaniambia. "Bantu ya Kasai banapenda karatasi kupita nyama."

"Na bantu ya kwenu banapenda nyama kupita kusoma," Tshibangu akajibu, "njo maana banalia ku madirisha ya guichet." Akaisoma karatasi ya kukataliwa, akautazama mfano, akauzungusha mara moja. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Baba fundi, kinu ya kutwangia iko na plaque?"

"Hapana."

"Ngoma? Mutumbwi? Mivukuto ya muhunzi? Mutego ya samaki?"

"Hapana."

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu ni vitu vya zamani."

"Voilà. Miye natumika ku biro ya mambo ya wenyeji. Kintu ya mila haiombe ruhusa. Kosa yako ni moya tu: unasema mashini yako iko mupya."

Donati aliangua kicheko, sindano nusura zimponyoke mdomoni. Mimi sikucheka. Nilisema mababu zangu hawakuwa na baiskeli. Tshibangu akasema hata yeye analijua hilo, lakini katika fomu yake hakuna nafasi ya kuandika baiskeli, kuna nafasi ya kuandika gurudumu. Kinachotakiwa ni mzee mmoja wa kwetu aje kushuhudia.

Mzee tulimpata siku ileile: Mzee Mukalayi, mshika breki wa reli aliyestaafu, rais wa chama cha watu wa kwetu waliohamia mjini. Tulimpelekea kibuyu cha munkoyo, kinywaji cha mahindi. Alikunywa, akasikiliza, akasema anaikumbuka vizuri sana pampu ya mababu. Nikamkumbusha kwamba ndiyo kwanza ameiona. Akaniambia nisimwingilie kwenye kumbukumbu zake.

Jumanne saa tatu tuliingia kwa mkubwa wa mambo ya wenyeji. Tshibangu alikuwa ametuambia kwamba huyo hukusanya mila kama wengine wanavyokusanya vipepeo, na makarani walimwita Bwana Desturi. Alipouona mfano wangu macho yalimng'aa. Akatutaka tuketi kwenye viti, akavuta karatasi rundo zima, na Tshibangu akashika kalamu ya kuchora.

"Mababu banatumika na hii tangu wakati gani?"

"Tangu mbele ya babu ya babu yangu," Mzee Mukalayi akasema bila kumeza mate.

"Na hii gurudumu, banapata wapi?"

Mzee Mukalayi akainua kidole. "Bwana, hiyo iko siri ya ukoo."

Bwana Desturi akaandika neno siri, akalipigia mstari mara mbili, akamshukuru. Kisha akainama karibu kabisa na mfano. "Maji inaangukia mugongo ya mwenye kukanyaga. Juu ya nini?"

Nilifungua mdomo niseme ukweli, kwamba hilo ni kosa, kwamba ni Mama Kabedi na kapu lake. Mzee Mukalayi akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Ni baraka, Bwana. Mwenye kutumika kwa ajili ya wengine, maji sharti imuguse mbele. Bila vile, mito inakasirika."

"Ah!" akasema Bwana Desturi, akaandika ukurasa mzima. Tshibangu naye alichora alichokiona, mdomo wa bati ukielekea kwenye kiti, kwa unadhifu wote wa mtu wa Kasai. Mwishoni Bwana Desturi akanigeukia mimi.

"Na nani alitengeneza hii mara ya kwanza?"

Nimepigwa na nyundo kidoleni mara nyingi, lakini swali lile liliuma zaidi. Nilizikumbuka siku nilizokaa ukingoni nikikata mipira, kamba ikikwama, nikianza upya. Kile kilikuwa kitu kimoja katika maisha yangu ambacho hakikufundishwa na mtu. Nikamkumbuka binti yangu.

"Mababu," nikasema.

Muhuri ukagongwa. Karatasi ilisema kwamba chombo hicho, kama kilivyochorwa, ni kitu cha mila ya wenyeji, hakihitaji ruhusa yoyote, na kinapaswa kuhifadhiwa. Donati alifurahi akanishonea mfuko wa kitambaa wa kuibebea. Mzee Mukalayi alidai kibuyu cha pili, akapewa.

Safari ya kurudi ilikuwa fupi, au labda sikuitazama njia. Kikondja, Mama Kabedi alipanda tena na makapu yake, akaja moja kwa moja mahali nilipokuwa, akauliza kwanza kama pale ni pa kukaa au ni mashini. Nikamsimulia yote. Alicheka mpaka nahodha akachungulia.

"Aiii! Donc siri ya mababu yenu ni miye! Nilikaa mara moya tu, sasa iko mila!" Akanipa samaki wawili, mmoja wangu na mwingine wa Angelina.

Nilifika nyumbani barua ya njia ikiwa imebakiza siku mbili. Bwana Kipimo alikuja kesho yake asubuhi na mkanda wake wa kupimia. Aliisoma karatasi, akasimama wima kwa heshima, akaizunguka pampu akilinganisha kila kitu na mchoro. Kisha akasimama nyuma.

"Mdomo ya maji iko upande ya nje. Karatasi inasema upande ya kiti."

"Bwana, upande ya nje njo muzuri. Maji inaingia ku mutungi, haimuloweshe muntu."

"Hapa iko muhuri ya Élisabethville. Mila iko mila."

Nikamwambia basi nitaugeuza, ila waya wake umefunga palepale penye mdomo. Hapo na yeye akakwama, maana pampu isiyofanana na mchoro hawezi kuifungua. Alitembea mara tatu kutoka kwenye pampu mpaka kwenye mwembe na kurudi. Mwishowe akakata waya kwa mkono wake mwenyewe, akasimama juu yangu ameshika saa, na mimi, fundi wa miaka minane, nikaiharibu mashine nzuri ili ifanane na karatasi mbaya. Mtungi tukauweka chini ya kiti. Angelina akapanda, akakanyaga. Maji yalipanda, yakampiga mgongoni, akapiga ukelele uliosikika ng'ambo. Hakushuka. Aliujaza mtungi wake, akauinua kwa mkono mmoja na goti na kichwa, akaenda nao nyumbani akidondoka maji toka shingoni mpaka visigino. Mama yake alilia. Mimi nilijifanya natafuta spana.

Nikiulizwa nilijifunza nini Élisabethville, nasema hivi: serikali ile haikuiogopa mashine, iliogopa kitu kisichokuwa kwenye orodha. Kitu kipya kilipotaka kuishi, ilibidi kivae nguo za marehemu. Na marehemu hakui. Mwaka uliofuata kijiji cha jirani kilitaka pampu yenye mabomba mawili, ya kumwagilia bustani. Nilikuwa nimeshaichora kichwani. Bwana Kipimo akafungua karatasi, akanionyesha kwa masikitiko kwamba mila ina bomba moja.

Alipohamishwa, nikaona wakati wangu umefika. Asubuhi moja nilishuka mtoni na spana ili niugeuze ule mdomo upande wa nje, watu waache kulowa. Nikakuta foleni ya wanawake. Kulikuwa na bibi arusi aliyeletwa akanyage mtungi wake wa kwanza, na mama aliyemleta mtoto mchanga aguswe na maji ya mgongo. Sikujua mambo hayo yalianza lini. Mama Ngoie, mkubwa wao, akanishika mkono.

"Weye fundi, unataka kuharibu kintu ya mababu?"

"Mama Ngoie, niliitengeneza miye! Mwaka juzi! Weye mwenyewe ulinishikia kamba!"

Wakatazamana. Wakanitazama kwa huruma, kama mtu aliyepigwa na jua. Nikamgeukia Angelina, ambaye alijua kila kitu. Alikuwa juu ya kiti, anakanyaga, mgongo umelowa chapachapa.

"Baba, rudisha hiyo spana," akasema bila kusimama. "Kufuatana na karatasi, hii pampu iko mukubwa wako. Uisalimie, halafu upange mustari."

Nikavua kofia, nikaisalimia.